Mkono wa Mwisho Kwenye Sinia

Kama umeambiwa na madaktari kwamba tumbo lako litakatwa, na sasa umekaa kwenye lile benchi refu unatazama miguu ya wapitao, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sikusoma sana. Kuandika nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima pale Mtoni, na mwalimu alisema hajapata kuona mtu mzima aliyezishika herufi upesi kama mimi. Basi uvumilie mwandiko, ushike maneno.

Jina langu Rajabu, ila Temeke nzima wananiita Bwana Paja, kwa sababu ya bucha langu. Nilikuja mjini kutoka upande wa Kilwa na shati moja, tena la kuazima, nikaanza kwa kuosha matumbo ya ng'ombe machinjioni. Leo mwenye harusi kuanzia Mtoni mpaka Mbagala, akitaka nyama isiyomuaibisha mbele ya wageni, anakuja kwangu. Sikurithi wala sikupewa. Na katika yote niliyojivunia, la kwanza lilikuwa kula. Nilikuwaga namaliza kichwa cha mbuzi peke yangu asubuhi, na supu yake, kisha nakwenda kazini kama mtu aliyekunywa chai kavu. Wenye maduka huandika majina yao juu ya mlango. Mie kibao changu kilikuwa tumbo. Mteja akiliona, anajua nyama ya hapa inalika.

Hata miaka ile baada ya Azimio la Arusha, watu wenye vitambi walipoanza kuitwa kupe, mie changu sikukificha. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Kondo, ambaye hununua maini kwangu kila Ijumaa, alikuwa akinitania.

"Ndugu Rajabu, tumbo hilo usije nalo mkutanoni, watalitaifisha."

"Walitaifishe," namjibu, "ila wajue na kulilisha ni kazi yao."

Hawakulitaifisha. Liliungua lenyewe kwa ndani.

Maumivu yalianzia chini ya chembe cha moyo, kama mtu ameniwekea pasi ya mkaa akaisahau. Nikila yanapoa kidogo, basi nikazidi kula. Nikanywa maziwa, nikanywa magadi, nikanywa mizizi ya kila mtu aliyedai kujua mzizi. Asubuhi moja ya mvua za vuli nimeinua shoka juu ya gogo nikate mbavu, nikatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Mke wangu, Mama Zuhura, aliitwa nyumbani akaja mbio na kanga zake. Alilitazama gogo, akanitazama mimi.

"Leo huchagui, Baba Zuhura," alisema. "Leo unakwenda hospitali."

Habari za ndani ya tumbo sitakueleza, hizo wanazo madaktari. Nitakueleza habari za benchi, maana hakuna aliyenieleza mimi. Benchi la hospitali lina mwendo wake. Akiitwa wa mwanzo, wote mnasogea kwa makalio, kila mtu anakalia joto la mwenzake. Hujui mtu jina, lakini unajua joto lake. Nilikaa karibu na bibi mmoja kutoka Kimbiji, mdogo wa umbo, kajikunja kama kijiti. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Unaumwa nini na mwili wote huo?"

"Tumbo, bibi."

Akalitazama kwa utulivu. "Basi una pa kuumwa."

Watu wa benchi zima wakacheka, na mie nikacheka nimelishika tumbo kwa mikono miwili. Nakwambia, hicho ndicho kicheko kilichonivusha hadi mlangoni kwa daktari.

Wodini kitanda cha pili alilala Bwana Aloisi, karani wa Kinondoni, mtu wa bara, mpole, na Biblia yake ndogo chini ya mto. Yeye alikuwa ameshakatwa kabla yangu. Nilimuuliza walimkata kiasi gani.

"Usiulize wamekata kiasi gani," aliniambia. "Uliza wamebakisha kiasi gani."

Nilipozinduka kutoka kwenye kisu, nikamuuliza daktari vivyo hivyo. Daktari akakunja ngumi yake, akaitazama, akaona ni kubwa. Akatafuta kwa macho mle wodini, akaniambia: kiasi cha ngumi ya mtoto.

Siku za kwanza hawakunipa maji. Kinywa kilikuwa kama ngozi iliyoanikwa. Muuguzi mmoja alikuwa anachovya pamba kwenye maji na kunipitishia midomoni. Nimekunywa madafu, nimekunywa sharubati za arusini, sijapata kunywa kitu kitamu kama ile pamba. Na wewe ukifika hapo usiione ndogo. Ipokee.

Kisha chakula kikaja. Uji mwembamba, ndani ya kikombe cha kahawa, vile vikombe visivyo na mkono ambavyo muuza kahawa huvigonganisha mtaani.

"Sista," nikamwambia, "hiki ni cha kuonjea?"

"Hicho ndicho chakula chako, mzee."

"Basi niletee na vingine kama hiki."

"Maliza hicho kwanza."

Sikukimaliza. Mimi, Bwana Paja, nilishindwa na kikombe cha kahawa. Niligeukia ukutani nikalia, na Bwana Aloisi kitandani kwake akajifanya anasoma.

Siku ya kutoka, muuguzi yule alimkalisha Mama Zuhura akampa masharti. Ale kidogo, ale mara nyingi. Atafune mpaka chakula kiwe kama uji. Maji asinywe pamoja na chakula. Vitu vya sukari avikimbie. Mama Zuhura alikuwa anarudia kila neno kwa midomo. Mie nilitikisa kichwa kama watu wanavyotikisa kwenye hotuba. Moyoni nikasema hayo ni ya akina Aloisi. Kidonda kikifunga, mambo yatarudi kama zamani.

Nilirudi nyumbani kaskazi imeanza, joto la kuyeyusha mafuta kwenye ndoano. Hapo mwili ukaanza kuniaga. Kwanza liliondoka tumbo, halafu makalio, kikafuata kidevu cha pili. Ngozi ilibaki inaning'inia kama kanzu ya marehemu kaka mkubwa. Mkanda niliutoboa matundu mapya kwa ncha ya kisu mpaka ukawa na matundu mengi kuliko ngozi. Pete yangu ya fedha, ambayo ilikuwa haitoki hata kwa sabuni, ilichomoka yenyewe ikaangukia kwenye beseni la maini, na mteja mmoja nusura aende nayo. Usiku wa feni nikalala nimejifunika shuka, mtu ambaye nilikuwa natoa jasho hata wakati wa kipupwe.

Na maneno nayo yakaanza. Muuza nyama aliyekonda, watu humtazama yeye, kisha wanaitazama nyama. Niliwasikia wakinong'ona foleni: Paja ana siku zake. Ndugu Kondo peke yake ndiye aliyesema kwa sauti.

"Ndugu Rajabu, sasa ndiyo umekuwa mjamaa kweli. Huna hata pa kunyonyea."

Nilimkatia maini yake nikamwambia anyamaze. Lakini utani wake ulinifaa kuliko pole za wengine.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mama Zuhura alinunua vikombe vya kahawa, akavipanga dirishani, na kila baada ya muda anakuja na kimoja: uji, mchuzi, ndizi iliyopondwa. Halafu nikagundua kwamba nyumba haina harufu. Hawakaangi. Wanakula jikoni kwa kujificha, mlango umerudishwa, wanatafuna kimyakimya kama wezi, ili mie nisitamani. Siku moja nikausukuma ule mlango, nikakuta mke wangu na binti yangu Zuhura wameinamia sahani, na Zuhura kaficha mfupa ndani ya kanga.

Nikawaka. Nikasema nyumba yangu imekuwa ya matanga na mie sijafa. Nikasema kama mke wangu anaona aibu kuwa na mume wa vikombe, aseme.

Mama Zuhura aliweka tonge chini. "Mie niliolewa na wewe," alisema. "Sikuolewa na tumbo lako. Lilikuwa likinikoromea miaka yote, acha lipumzike."

Tangu siku hiyo wakarudi kukaanga. Nilikaa mlangoni nikinusa, na kunusa nako, usicheke, ni nusu ya kula.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Zuhura alikuwa ameposwa. Kijana anaitwa Hamisi, anafanya kazi kiwanda cha nguo, na baba yake ni Mzee Litunu, mchonga vinyago wa Mbagala, mtu wa Newala. Mzee wa maneno machache. Posa ilikuwa imekuja kabla sijaugua, tukaipokea, ikabaki kukaa pamoja na kupanga siku. Nikawaita wao wote waje kwangu Idi Kubwa. Ni sikukuu ya wachinjaji, na nilitaka waone nyumba ya Paja bado imesimama.

Kwetu, kama unavyojua, wanaume hula sinia moja. Na sinia lina sheria ambayo haikuandikwa: mwenye nyumba ndiye wa mwisho kuondoa mkono. Akiuondoa yeye, chakula kimekwisha, hata kama wali bado mlima. Mgeni anayeendelea kula baada ya mwenyeji kunawa, huyo hakulelewa. Mie sheria hiyo ilikuwa haijanisumbua maisha yangu yote. Mkono wangu ulikuwa wa mwisho tangu nilipoota ndevu.

Idi ile nilitia tonge la kwanza, la pili, vitonge vichache vya heshima, na tumbo likafunga mlango. Sio kushiba kwa kawaida. Ni kama mtu ameweka kiganja kifuani anakusukuma nje. Nikasubiri. Nikajaribu kimoja zaidi, kikagoma kooni. Nikauondoa mkono, nikaita maji.

Mzee Litunu alikuwa ndio kwanza anavunja mfupa. Akaurudisha siniani taratibu. Mdogo wake, aliyekuja naye, akaacha pia. Hamisi, kijana wa watu, alikuwa na tonge karibu na mdomo, akalishusha. Pilau la mbuzi mzima likabaki linafuka moshi katikati yetu kama hakuna aliyelijia.

"Jamani kuleni," nikasema.

"Tumeshiba, alhamdulillahi," akasema Mzee Litunu, akanawa. Siku za harusi hakuzitaja. Wakaaga jua bado lipo juu.

Walijua nimekatwa, hilo halikuwa siri. Wasilolijua ni kilichobaki. Na mie sikusema, maana mtu aliyejenga jina lake kwa kula ataanzaje kusema kwamba amebaki na tumbo la kikombe cha kahawa? Nilidhani wataelewa wenyewe.

Masika ikaingia na kimya chake. Barabara ya Mbagala ikawa tope, na nikajidanganya kwamba ni tope linalowazuia. Mpaka Ndugu Kondo, ambaye kazi ya ubalozi inampa masikio ya mitaa yote, alikuja kununua maini akasimama muda mrefu kuliko maini yanavyohitaji.

"Ndugu, nikwambie jambo au ninyamaze?"

"Sema."

"Wale wa Mbagala wanasema umeikataa posa. Wanasema ulipoondoa mkono kabla mgeni hajala, ulikuwa unawaonyesha mlango. Wanasema mchonga vinyago kaonekana mdogo mbele ya mwenye bucha."

Nilibaki na kisu mkononi. Jioni nikamtazama Zuhura akiosha vile vikombe vyangu uani, kimoja kimoja, anavipanga. Hakuwa amelalamika hata siku moja. Mama yake alinijulisha kwamba kila Jumapili, siku ya mapumziko ya kiwanda, binti alikuwa anafagia mbele ya nyumba mara mbili, akitazama barabara.

"Nenda ukawaambie," Mama Zuhura akasema. "Sema tu: sina tumbo la kula. Maneno mafupi."

"Nitafanya zaidi ya kusema," nikamjibu. "Watakuja Sabasaba, na watanitazama nikila."

Akanitazama vile alivyolitazama lile gogo.

Lazima nikueleze Sabasaba yangu ilivyokuwa. Kila mwaka nafunga bucha, tunahamia viwanja vya maonyesho na mikeka, masufuria na turubai, tunakaa pembeni ya bembea za watoto mchana kutwa. Wengine hutazama matrekta, ng'ombe wa mashamba ya serikali, pamba na korosho za mikoa. Sie tunatazama, tunarudi kula, tunatoka tena. Ndiyo ilikuwa mapumziko yetu ya mwaka mzima, na nusu ya Temeke walikuwa wanajua njia ya turubai la Paja kwa harufu.

Basi kipupwe kikaja, vumbi jembamba na upepo mzuri, na wa Mbagala wakaja, kwa sababu Ndugu Kondo aliwafuata mwenyewe akawabembeleza. Mzee Litunu alivaa kanzu safi na uso uliofungwa. Hamisi alisimama nyuma ya baba yake akijitahidi asitazame upande waliko wanawake, na akishindwa.

Sinia likaja. Pilau, na paja la mbuzi juu yake. Nikasema bismillahi, nikala. Nilikula kama zamani. Sikutafuna hadi iwe uji, nilimeza. Kila tumbo likisukuma, mie nasukuma. Ili chakula kishuke, nikaomba maji ya miwa yaliyokuwa yakikamuliwa jirani, baridi, matamu, nikayapiga glasi nzima. Mzee Litunu alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa umeanza kufunguka. Nikajiambia, Paja, umeshinda.

Ndipo ikanijia. Kwanza moyo, ulianza kukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Kisha jasho, kichwa hadi kisigino, jasho la baridi. Masikio yakavuma. Mikono ikatetemeka hadi punje za wali zikaanguka. Kama itakupata, ujue kwanza kwamba haiui, itapita. Mie hakuna aliyeniambia, au niliambiwa nikatikisa kichwa. Nilijua nakufa. Na fikra yangu ilikuwa moja: nisifie kwenye sinia mbele ya wakwe.

Nikainuka. Kwa mara ya pili nikauondoa mkono kabla ya mgeni.

Nilipepesuka hadi nyuma ya bembea ya kuzunguka, ile yenye farasi wa mbao, nikatapika huko. Ilikuwa imesimama inasubiri watoto. Miguu ilipokataa, nikashika shingo ya farasi mmoja mweupe, nikajivuta juu yake, nikalaza shavu kwenye manyoya yake ya rangi. Hapo ndipo Mzee Litunu aliponikuta.

Alipanda farasi wa jirani, mwekundu, akakaa kama mtu aliyekaa barazani kwake. Akagonga kichwa cha farasi kwa kifundo cha kidole.

"Msufi," alisema. "Mti laini. Hatamaliza masika tatu huyu."

Nikafumba macho. "Mzee Litunu, mimi nakufa."

"Ulivyokuwa unakula pale, nilijua utatafuta pa kufia. Kwa nini umekula vile?"

"Ili uone."

"Nione nini?"

Basi nikasema. Juu ya farasi wa watoto, jasho linanitiririka, nikakunja ngumi nikaona ni kubwa, nikamwonyesha kwa vidole viwili ukubwa wa kikombe cha kahawa. Nikamwambia hicho ndicho kilichobaki. Nikamwambia Idi ile sikuwafukuza, nilifukuzwa mie na tumbo langu. Nikamwambia kwamba mwanangu anafagia njia mara mbili kila Jumapili.

Vumbi lilipita, ngoma ikasikika kutoka kwenye banda la mkoa fulani.

"Mie nilidhani unatuona masikini," alisema hatimaye. "Nilimkataza Hamisi asipite hata mtaa wenu. Kumbe ungesema neno moja."

"Neno hilo lilikuwa zito."

"Zito kuliko hili?" Akaonyesha kwa kidevu mahali nilipotapika.

Moyo ulikuwa umeanza kurudi zizini. Jasho lilikuwa linakauka kwa upepo, na nilihisi mwepesi, kama mtu aliyeteremsha gunia.

"Baba yangu," akaendelea, "uzeeni hakuwa hata na jino moja. Nyama alikuwa haiwezi. Lakini sijawahi kumwona akiondoa mkono kabla ya mgeni. Unajua alikuwa anafanya nini? Anagawa. Mkono wake uko kwenye sinia muda wote, anachambua nyama, anamsogezea huyu, anamvunjia yule mfupa, anasukuma wali kwa mwenye njaa. Wageni wanakula hadi wanachoka, na mkono wake bado uko pale. Kwani nani alikwambia mkono wa mkubwa kwenye sinia kazi yake ni kula tu? Na wewe ni mtu wa bucha."

Naapa sikuwahi kuliwaza. Maisha yangu yote nimegawa nyama kwa watu, nusu hii, robo ile, mfupa wa supu kwa bibi asiye na kitu, na sikuwahi kufikiria kwamba ninaweza kuifanya kazi hiyo nimekaa.

Mama mmoja aliyekuwa anakata tiketi alitukaribia, akatutazama mmoja mmoja. "Shikamooni, wazee. Hao farasi ni wa watoto."

"Marahaba," akasema Mzee Litunu. "Huyu alikuwa mgonjwa, na mie ndiye msindikizaji wake. Tutalipa."

Alilipa. Bembea ikaanza kuzunguka polepole, na sie juu yake, kanzu zinapepea. Kila tulipopita mbele ya turubai langu niliwaona: Mama Zuhura kashika birika la maji, Ndugu Kondo kajishika kiuno, Zuhura kaziba mdomo kwa kanga, na Hamisi amesahau kabisa kwamba hatakiwi kumtazama. Nilicheka kicheko ambacho sikuwa nimekicheka tangu lile benchi. Kovu halikuuma.

Tuliporudi mkekani chakula kilikuwa kimefunikwa kawa, hakuna aliyekigusa. Nilimwita mke wangu.

"Mama Zuhura, niletee kikombe changu."

Mbele ya watu wote akaniletea kile kikombe cha kahawa. Nikakiweka kando ya goti, nikajitilia wali kidogo na mnofu mmoja. Kisha nikakunja mikono ya kanzu, nikalivuta lile paja katikati ya sinia. Nisikufiche, Dar es Salaam nzima hakuna anayelijua paja la mbuzi kama mimi. Mnofu wa ndani, ule usio na mshipa, nikauweka mbele ya Mzee Litunu. Wa nje wenye mafuta nikampa mdogo wake. Nikagonga mfupa kwenye ukingo, uboho ukatoka, nikamsogezea Hamisi.

"Kula, baba. Kiwandani hawakupi hiki."

"Ahsante, mzee," akasema, na lile tonge alilolishusha Idi akalila siku hiyo, na mengine mengi.

Mie nilikuwa natafuna changu, kidogo, mpaka kiwe uji. Kisha nagawa. Halafu natafuna tena. Walikula hadi Ndugu Kondo akafungua kifungo cha suruali na kusema sinia hili ndilo siasa yenyewe, kila mtu kwa mahitaji yake. Walikula hadi wali ukaonyesha maua yaliyochorwa chini ya sinia. Mdogo wake Litunu akaondoa mkono. Hamisi akaondoa. Ndugu Kondo alijaribu kuendelea, akashindwa. Mwishowe Mzee Litunu naye akaulamba wake, akashusha pumzi.

"Mkwe," aliniita. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Tupange siku. Isiwe masika, barabara yenu ina tope."

Nyuma ya turubai nilisikia sufuria likianguka, na mtu anayecheka na kulia kwa pamoja. Sikugeuka. Bado nilikuwa na kazi. Nilikusanya punje zilizobaki pembeni, nikazila moja moja, nikaupapasa mfupa kuona kama kuna kilichosahaulika. Hapakuwa na kitu. Mama Zuhura akaja na birika na beseni, akanipitia, akaanza kwa wageni, akawamwagia maji wote, mmoja baada ya mwingine.

Mimi nikanawa wa mwisho.